Filamu ya Mama Mkwe na Chupa Iliyopasuka Kabatini

Mpendwa mshauri, Mama Samira,

Naomba msaada wako, na kabla ya kuuomba naomba radhi kwa urefu wa barua hii, kwa maana mimi sikusoma shule nyingi, Kiswahili hiki nilijifunza mwenyewe kwa kusikiliza redio na kusoma vitabu vya kanisa, nami nimejiwekea sheria kwamba jambo lenye uzito lisemwe kwa utaratibu wake wote ama lisisemwe kabisa.

Mimi naitwa Evariste, mkaaji wa Shituru hapa Likasi, na kazi iliyonilisha ujana wangu wote ni kupiga picha. Wenye umri kama wangu watazikumbuka zile Jumapili baada ya misa, watu wakitoka kanisani wamenyooka kama mishumaa, wakipita kwangu kabla ya kwenda kula, nami nimekwisha kutundika uani kitambaa changu cha buluu kilichochorwa maporomoko ya maji, na pembeni koti la kuazimisha, ambalo nusu ya wanaume wa mtaa ule wamepigwa picha wakiwa nalo, mnene kwa mwembamba. Filamu za rangi hazikusafishwa hapa, nilizipeleka Lubumbashi kwa mkono wa dereva, na kungoja kwake kulikuwa sehemu ya utamu, kwani watu walipita mlangoni wakiuliza, “Baba, sisi hatujarudia?”, kana kwamba wao wenyewe ndio waliosafiri, na siku bahasha ilipofika mama mmoja angeweza kukaa kizingitini mwangu akijitazama katika picha hadi chakula chake kikaungua nyumbani. Leo kila mtu ana simu, anajipiga mwenyewe, anajifuta mwenyewe, na hakuna anayengoja chochote.

Basi mwaka huu binti yetu Joëlle, ambaye anaishi Lubumbashi na ambaye anajua ugonjwa wa baba yake wa kupenda picha, aliniagizia kutoka ng'ambo pakiti ya dawa za kusafishia filamu za rangi nyumbani, pamoja na tangi dogo lisilopitisha mwanga. Mimi nilikuwa nimezoea zile nyeusi na nyeupe za zamani, za chumba chenye taa nyekundu, na rangi niliiogopa kama mtu anavyoogopa lugha ya wageni. Lakini nilijifunza taratibu, nikajua kwamba dawa ya kwanza ndiyo inayotoa sura na inataka joto lisilopanda wala kushuka, kwamba dawa ya pili, nyekundu iliyokolea kama divai, ndiyo inayoondoa kisichotakiwa ili sura isifutike mwangani, na kwamba ya mwisho ni ya kuhifadhi. Nikajaribu filamu ya zamani iliyobaki kwangu, na mama mshauri, nilipoivua ndani ya tangi, ikichuruzika maji, nikaiinua dirishani nikaona vichwa vidogo vya watu vimepangana kama punje za mahindi, nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa nikavihesabu kimoja kimoja.

Shida yangu ilianza katika kuzihifadhi dawa hizo. Maelezo yanasema adui wa dawa ni hewa, na kwamba chupa isipojaa, fundi atumbukize gololi za kioo mpaka dawa ipande ifike shingoni. Mimi nikazitafuta gololi sokoni, sikuzipata, nikasema moyoni kwamba jiwe ni jiwe, nikaenda upande wa Kakontwe nikaokota vijiwe vyeupe, vizuri, visafi, nikaviosha na kuvianika, nikavigawa katika chupa. Dawa nyekundu ilijaza chupa mbili, na vijiwe viliniishia kabla ya ile ya mwisho. Kisha nikafunga kila chupa kwa kizibo na waya, kama mtu mwangalifu, nikazipanga katika kabati la chakula la mke wangu, kwa sababu ndilo mahali penye giza na ubaridi kuliko pote nyumbani mwetu.

Jumapili iliyofuata, tumekaa mezani, kabati likalia kama bunduki.

“Evariste! Nini inapasuka mu garde-manger?” mke wangu Gertrude akauliza.

Nikamjibu kwa utulivu, “Si jambo la kutisha, mama. Ni chupa tu.”

Akafungua. “Chupa tu? Angalia bunga ya bukari! Angalia samaki ya Tshangalele yote! Na kikwembe yangu ya ba-Maman Catholique, minye nilipiga fer jana! Iko sawa na damu!”

“Gertrude, mke wangu mpenzi, yaonekana hewa imezidi nguvu ndani ya—”

“Usiniletee Kiswahili ya redio! Minye naongea ya chakula, weye unaongea ya hewa!”

Na jirani yetu Radjabu, mwenye duka, ambaye ni Mwislamu safi lakini ulimi wake haujui kufunga, akainua kichwa juu ya ukuta. “Baba Joëlle! Ile lutuku yako imeiva? Minye sinywaka pombe, lakini hata harufu unaninyima?”

Mtaa mzima ulicheka, na mpaka leo nikienda dukani kwake ananiuliza kama ya safari hii ni kali. Lakini Gertrude hakucheka. Alikusanya unga ule wote wa ugali akaufukia, akaosha kikwembe, kile kitenge cha kina mama Wakatoliki alichokipiga pasi, mara nyingi na doa halikutoka, kisha akasimama mbele yangu, mikono imelowa.

“Chagua, Evariste. Minye ao machupa. Kama ni machupa, minye naenda kwa Joëlle, weye utapikiwa na ile bibi yako ya mu chupa.”

Nikamwahidi, mbele ya sanamu ya Bikira Maria iliyo sebuleni, kwamba dawa hizo hazitamiminwa tena chini ya paa lake. Akaridhika. Anaamini nimezitupa. Sikuzitupa, mama mshauri. Ile chupa ya dawa nyekundu isiyopata vijiwe, pamoja na dawa ya kwanza na ya mwisho, nimezihamishia katika chupa za plastiki za soda, zipo nyuma ya kibanda cha makaa, zimefunikwa na gunia, na sababu ya kutozitupa ndiyo kiini cha barua hii.

Marehemu mama yake Gertrude, Mama Adrienne, tuliishi naye jirani miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote sikupata kumtazama usoni. Desturi yetu ya ukwe unaijua: mwanamume hamkazii macho mama mkwe wake, hali chakula naye, hampi mkono, na akimwona anakuja njiani yeye hupisha. Mimi niliishika desturi hiyo kikamilifu. Nilimjua kwa miguu yake, kwa pindo la nguo yake na kwa kikohozi chake. Sasa, Krismasi moja, tukiwa uani, nami nimewapiga picha watu wa nyumba yote, nikasikia anasema kwa sauti, akimwambia binti yake ili mimi nisikie, maana hata maneno yalipita kwa Gertrude:

“Gertrude, ambia mukwe yangu anipige na minye. Aingie mu ile mashini yake, aniangalie mule ndani.”

Gertrude akasema, “Mama, na bukwe je?”

“Mashini haiko mukwe ya muntu.”

Watu wakacheka sana. Nami nikaweka jicho kwenye kamera, na kwa mara ya kwanza nikamwona: nguo ya rangi ya chungwa, uso mpana, kovu dogo juu ya nyusi, na kucheka kwa mtu anayejua kwamba amekushinda. Nikabonyeza. Nikainamisha macho.

Filamu ile haikuwahi kusafishwa. Mwenye mashine ya kusafishia kule Lubumbashi alikuwa amefunga kazi, nasi tukaondoka kwa haraka katika nyumba ya kampuni tuliyokuwa tunakaa, vitu vikatawanyika, na sote wawili tuliamini imepotea. Mama Adrienne akafariki. Picha pekee iliyobaki ni ile ya kadi ya kura, nayo imekwisha kukwanguka. Mwezi wa Novemba uliopita, tukitoka kusafisha kaburi, Gertrude akaniambia njiani bila kunitazama, “Evariste, sura ya mama inaanza kunipotea. Nafunga macho, naona kikwembe tu.”

Baada ya maneno hayo nilipekua masanduku yote, na nimeipata. Ilikuwa ndani ya mfuko wa ile taa ya zamani ya kamera, imekunjwa katika soksi. Gertrude hajui. Sikumwambia kwa sababu filamu imekaa katika joto miaka mingi na huenda haina kitu, nami sitaki kumzikia mama yake mara ya pili. Wakati huohuo dawa ya kwanza inazidi kuwa nyeusi kama chai ya rangi, maana yake inakufa, na Joëlle anasema nyingine haitapatikana karibuni.

Nimepanga hivi: siku Gertrude atakapokwenda mkutano wa kina mama parokiani, nijifungie bafuni, niisafishe filamu peke yangu, na sura ikitoka nimwekee mezani, isipotoka nifunge mdomo hadi kufa kwangu. Lakini nilitoa ahadi mbele ya Bikira Maria. Je, nivunje ahadi kwa ajili ya wema, au niitunze ahadi na kuiacha sura ya mama ipotee? Na dawa nizifanyeje zisife kabla sijaamua? Kama barua hii itachapishwa, tafadhali badilisha majina, kwa kuwa Gertrude husomewa gazeti lenu kila Jumamosi.

Ni mimi, mwenye kuheshimu nafasi yako na mwenye kungoja neno lako,
Evariste, Shituru

Jibu la Mama Samira

Baba Evariste, salamu zako zimefika zote, pamoja na zile zilizojificha ndani ya sentensi. Nimeisoma barua yako mara mbili: mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka.

Tuanze na chupa, maana hizo zinaweza kumuua mtu leo. Nimemwuliza Osée, ndugu yangu anayefanya kazi katika maabara ya kiwanda kimoja hapa mjini. Alicheka hadi akavua miwani. Baba, wewe ni mtu wa Likasi! Vijiwe vya Kakontwe ni mawe ya chokaa, na mtoto yeyote aliyekulia kule amewahi kukamulia jiwe limau aone linavyotoa povu. Dawa yako ya pili ina ukali wa namna hiyohiyo. Ukalifungia jiwe ndani yake, tena kwa waya! Hukuhifadhi dawa, ulitega bomu kando ya unga wa watu. Shukuru kwamba kabati lilikuwa limefungwa, na kwamba lililochafuka ni kikwembe, si jicho la mkeo. Kikwembe hicho utamnunulia kingine, na hilo halina mjadala.

Lakini ulichofanya baadaye ni kibaya zaidi. Dawa ya sumu ndani ya chupa za soda, nyuma ya kibanda cha makaa, uani, ambapo yeyote mwenye kiu anaweza kupita? Rangi ya divai, rangi ya chai! Hata Radjabu anayekutania kuhusu lutuku, siku moja utani utamwisha, ataonja kwa ulimi wake ili apate la kusimulia. Leo, kabla hujamaliza kusoma jibu hili, nenda ukazitoe. Mwombe mwenye duka la dawa chupa nzito za kahawia ambazo hazijawahi kubeba kinywaji, au tumia za plastiki ngumu, ubane hadi hewa itoke halafu ufunge. Ndiyo njia ya kuzuia hewa bila mawe. Hiyo ni kwa dawa ya kwanza. Ya pili, Osée anasema, usiikaze kizibo kabisa, iache ipumue kidogo. Andika kwa rangi nyekundu jina la kila moja na neno SUMU, chora na fuvu kwa wasiosoma. Zikae katika sanduku la chuma lenye kufuli, kivulini, mbali na jiko, mbali na kabati la chakula. Na zikishatumika usizimwage karibu na kisima wala bustani ya mboga; ziweke katika dumu lake, Osée atakuja kulichukua, ameniahidi.

Unataka kujua kama dawa ya kwanza bado iko hai? Mpiga picha mzima unaniuliza mimi! Kata kipande cha mkia wa filamu nyingine ya zamani, ile sehemu iliyokwisha kuona mwanga, ukitumbukize katika kijiko cha dawa yenye joto lake. Kikiwa cheusi, iko hai. Kikibaki vilevile, imekufa, na usiipoteze filamu ya mama wa watu humo.

Sasa tuje kwa lile ulilolizungushia maneno mazuri mengi. Unasema unaficha ili usimuumize Gertrude. Nakuamini, nusu. Barua yako ina filamu, dawa, ahadi, na mkutano wa kina mama ambao utakupa nafasi ya kujifungia bafuni. Haina mahali ambapo Gertrude anaulizwa anachotaka. Tena, katika kurasa zote hizo, hukutaja kama marehemu ana watoto wengine. Anao? Nao wanakumbuka kikwembe tu?

Nikuulize la pili, nawe ujijibu mwenyewe. Wewe uliyemheshimu mama mkwe wako kiasi cha kumjua kwa miguu, unataka kujifungia naye chumbani peke yako, mlango umefungwa, umwinue dirishani, uwe mtu wa kwanza kumtazama usoni kabla ya mtoto aliyetoka tumboni mwake? Na isipopendeza, umfiche tena? Mama Adrienne alikuruhusu umwangalie mbele ya watu, uani, watu wakicheka, na ruhusa ikapita kwa binti yake. Hakukupa ruhusa nyingine. Ukifuata desturi, basi ifuate mpaka mwisho. Jambo la mama mkwe linapita kwa mke.

Kwa hiyo ahadi usiivunje, na usiitunze kwa kujificha. Aliyepewa ahadi ndiye anayeweza kukufungulia. Usimnunulie zawadi kwanza, usimwandalie hotuba. Mkishakula, mkiwa wawili, toa ile soksi mfukoni, uiweke mbele yake, useme kwa maneno machache, na safari hii si Kiswahili cha redio: “Gertrude, hii ni filamu ya mama. Huenda haina kitu. Dawa sikuzitupa, nilikudanganya.” Kisha nyamaza. Atakasirika kwa ajili ya chupa. Akasirike, ni haki yake, nawe usimkatize na habari za hewa. Akilia, kaa hapohapo.

Akisema hataki dawa hizo nyumbani kwake, mpeni Osée zote, na filamu ibaki mkononi mwake, aiweke anapotaka. Kuna watu wanaosafisha filamu miji ya mbali, itangoja. Usikasirike, usihesabu dawa iliyokufa. Lakini akisema tuisafishe, basi wewe ni fundi na yeye ni mwenye mali. Fungueni madirisha, vaeni mipira ya mikono, yeye ashike saa akuambie lini ya kumwaga, na filamu ikitoka majini mwachie yeye aiinue kwanza kwenye mwanga. Wewe simama nyuma yake. Kama kuna sura atakuambia. Kama hakuna, hutakuwa na la kuficha, na mtakuwa wawili wa kulikubali.

Kuhusu majina, nimekataa kuyabadilisha, kwa sababu hata nikikuita jina gani, Shituru nzima inajua chupa ilipasuka kwa nani. Badala yake jibu hili nakuletea kwanza kwa mkono wa Osée, na halitaingia gazetini mpaka mke wako mwenyewe aseme ndiyo. Fanya leo, baba. Mkiwa wawili.

Samira

Tumechapisha kwa ruhusa ya Bi Gertrude, ambaye amesomewa barua na jibu lake, akasahihisha jambo moja: vikwembe vilivyoharibika ni viwili. Kipande cha majaribio kilitoka cheusi. Filamu yenyewe bado haijasafishwa, wanasubiri siku mbili, kwa sababu mdogo wake anashuka kutoka Kolwezi, na Bi Gertrude amesema hataiinua kwenye mwanga peke yake.